Jina Langu Juu ya Boriti

Rukia mwanangu,

Salamu nazipita. Tumeamkiana asubuhi mlangoni pa bafu ukiwa na mswaki mdomoni, na kesho alfajiri tutaagana kituoni nami sitakuwa na la kusema, najijua. Ndiyo maana naandika sasa, mchana huu wa Jumapili, wakati wewe na baba yako mmekwenda mtaani Mount Dennis kuwaaga watu. Nilisema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nilitaka meza iwe tupu na nyumba iwe kimya, nikae na kalamu kama mtoto wa darasa la nne, maana ndiko nilikoishia. Treni ya uwanja wa ndege haiishi kupita hapo chini, na kila ikipita nafunika karatasi kwa mkono, utadhani dereva anasoma.

Ya nguo za baridi sikuandikii. Ya kula sikuandikii. Ya swala unayajua, na usipoyafuata si kwa kutoambiwa. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu juzi.

Juzi tukila wali na maharage ulitusimulia habari za hicho kiwanda cha milango unachokwenda kufanya kazi huko kaskazini. Ulisema siku walipokuzungusha kukuonyesha mashine, uliinua macho ukaona vumbi la mbao limelala juu ya boriti, nene, kama theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga. Ukamwuliza msimamizi, naye akacheka: "Dada, hilo limekaa hapo tangu sijaota ndevu. Halijamla mtu." Halafu ukaacha kijiko, ukaniuliza kwa Kiswahili, wewe ambaye nikikuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza:

"Mama, nitakuwa mgeni, msichana, mweusi, na wiki yenyewe ya kwanza. Niseme, au ninyamaze kwanza?"

Mimi nikakujibu hata tonge sijameza: "Nyamaza kwanza, mwanangu. Uzoee, na wao wakuzoee."

Baba yako akadakia, "Mama yako kasema kweli." Ukaitikia kwa kichwa, ukaendelea kula.

Barua hii nimeiandika kuyafuta maneno yale. Ule ulikuwa woga wangu, nikauvalisha kanga ya busara, na wewe ukaupisha upite kwa heshima. Lakini nikikwambia tu "sema" utajiuliza huyu mama kageukaje kwa siku mbili. Kwa hiyo nitakueleza habari za ule moto wa karakana ya Weston, habari unazodhani unazijua.

Ulikuwa na miaka minane nilipopata kazi ile, kufanya usafi kwenye karakana ya makabati ya jikoni, upande wa reli. Saa tisa mashine zinazimwa, mimi naanza. Nilijiona nimefika. Wewe unamjua mama yako na ufagio. Kwetu Muheza mwanamke anapimwa kwa uwanja wake: unanyunyiza maji kwanza vumbi lilale, unafagia, uwanja unabaki na mistari kama kichwa kilichosukwa vizuri. Siku ya kwanza pale nikatafuta kopo, nikanyunyiza maji. Mafundi walicheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake hawakucheka. Mbao zile zinazotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi, zilizokuwa zimeegemezwa ukutani, zilikuwa zimekunywa maji yangu zikavimba miguu kama mama mwenye mimba ya miezi tisa. Bosi aliniambia maneno mengi. Mengine sikuyaelewa, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Basi maji nikayaacha. Ndipo fundi mmoja kijana akanionyesha mpira wa upepo, ule wanaopulizia vumbi kwenye mashine. Unabonyeza tu, fyuuu, kona yote safi. Nilifurahi kama mtoto. Vumbi lilikuwa linapanda mpaka sioni mkono wangu, nasimama katikati nasubiri, linatua, nafagia. Nikirudi nyumbani unaniambia, "Mama, kope zako zimezeeka," maana zilikuwa nyeupe.

Aliyenikataza alikuwa Mzee Amaro.

Wewe ulikuja kumjua vizuri akiwa na vidole vimekunjika. Mimi nilimjua akiwa navyo vizima, na nakwambia vilikuwa vidole vya ajabu. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mlango wa kabati huku anatazama kwingine kabisa, anasema, "Hapa," na kweli hapo ndipo penye kasoro. Ndiye aliyekuwa anasimamia mashine zote. Mreno wa visiwani huko baharini. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika upande mmoja na changu upande mwingine, tukikutana katikati tunapata nusu ya sentensi, inatosha. Siku moja nilimwambia babu zake walikuja kutupiga mizinga kule pwani kwetu. Akafikiri kidogo, akasema, "Siku hiyo mimi sikuwepo, Mama. Nilikuwa mgonjwa." Aliniita Mama kwa sababu wewe uliniita hivyo siku uliyonifuata kazini, naye akadhani ndilo jina langu.

Basi Mzee Amaro aliniona na mpira akaja mbio, akaufunga pale kwenye bomba. "Upepo hapana, Mama. Hapana, hapana." Akaonyesha kwa mikono, vidole vinafumuka, mashavu yamejaa: puuu! Nikamwitikia, "Sawa, sawa." Alipoondoka nikacheka peke yangu.

Kwa nini nilicheka? Hapa ndipo nataka unisikilize, maana kosa langu halikuwa la mtu asiyejua. Lilikuwa la mtu anayejua kidogo. Mimi nimekulia kwenye jiko la unga wa mbao. Wewe hujaliona. Unachukua debe, unasimamisha chupa katikati, unashindilia unga wa mbao kuizunguka chupa kwa ngumi mpaka ugande kama matofali. Unaichomoa chupa polepole, linabaki tundu, unatia moto kwa chini. Moto unakula pole pole, hauna mwali wala kelele. Unainjika maharage asubuhi, unakwenda shamba, unarudi yameiva na jiko bado lina joto la kuchemshia chai. Basi Mreno huyu anifundishe mimi unga wa mbao? Unga wa mbao niliuona ni mnyama wa kufugwa. Sikujua kuwa ule upole wake wote ni kwa sababu umeshindiliwa na hauna pa kupumulia.

Na kumbe nilijua! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Shangazi yangu Mwanaisha, jiko likiwa linasinzia, siku moja alichota konzi ya unga mkavu akaurusha juu ya makaa ili moto uchangamke. Ukaenda fuu! Mwali ukapanda mpaka kwenye makuti, ukashuka, basi. Shangazi akabaki amesimama hana nyusi. Tulicheka mwezi mzima, tukawa tunamwita Bi Paji. Konzi moja tu, Rukia. Nililiona kwa macho yangu nikiwa na miaka saba, nikaliweka kwenye fungu la vichekesho, na huko likakaa hadi nilipokuwa mtu mzima na mpira wa upepo mkononi.

Ilikuwa mwezi wa pili, baridi ile ya kukausha hata mate. Kesho yake walikuwa wanakuja wateja wakubwa kuangalia kazi. Bosi akaniambia, "Mama, nataka pang'ae." Sakafu niliing'arisha ukaweza kulia chakula. Mashine nikazifuta. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nikainua uso nikatazama juu. Ee Mola wangu. Juu ya boriti, juu ya taa, migongoni mwa mabomba ya kufyonza vumbi, unga umelala umenona, mweupe, laini kama unga wa sembe. Miaka miwili nimefagia chini tu, panapoonekana na mgeni. Nikaona aibu. Nikasema, mgeni akiinua macho atauliza hapa anafagia mwanamke gani?

Mzee Amaro alikuwa amekwenda kunawa. Mafundi wanne walikuwa bado wanafungasha vifaa vyao. Nikaufungua mpira, nikapanda ngazi, nikabonyeza.

Kule darini, karibu na mlango mkubwa, ilikuwa inaning'inia hita ya gesi. Ndani yake mna moto. Unaijua, hata pale ulipokuwa unafanya kazi ilikuwepo. Mimi nilikuwa naiona kama taa tu.

Wingu lilishuka zito, nikasikia Mzee Amaro anaita "Mama!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha mwanga wa manjano ukapita juu yangu kama shuka linapokung'utwa. Mlio sikuusikia. Nilisukumwa kifuani, kama mtu amenipiga kwa mto. Mzee Amaro alikuwa ameshanidaka mguu, akanivuta kutoka ngazini, tukaanguka wote, akanifunika kichwa kwa mikono yake yote miwili. Mikono ile, Rukia. Mimi niliungua nyusi. Yeye aliungua mikono na sikio.

Moto ulizimika wenyewe. Sote tukatoka nje kwenye theluji bila makoti. Zimamoto walipokuja, mmoja wao, bwana mmoja mtulivu, alipanda akamulika tochi juu, boriti moja baada ya nyingine. Aliposhuka alieleza kwa mikono, nami nikaelewa: mlipuko wa kwanza huwa mdogo, lakini unatikisa jengo, na vumbi lote lililolala kwingine linashuka kwa pamoja likiwa limechanganyika na hewa. Hapo unakuja wa pili. Wa pili ndio unaoondoka na paa na watu.

Kwetu wa pili haukuja. Unajua kwa nini? Upande wa mashine, nusu nzima ya karakana, boriti zilikuwa safi. Hakukuwa na kitu cha kushuka. Mzee Amaro alikuwa anakuja kila Jumamosi na mashine ya kufyonza, ile maalumu isiyotoa cheche, anapanda ngazi anafyonza boriti moja moja. Hakutumwa na mtu. Hakusema kwa mtu. Alikuwa amefika nusu. Nimekaa na jambo hili miaka yote hii na bado linanishangaza: watu sita tuko hai kwa sababu ya kitu kilichokuwa hakipo juu ya boriti. Nani angemshukuru mtu kwa hilo? Nani angejua?

Sasa nafika mahali penyewe.

Siku ya pili alikuja mkaguzi wa serikali. Kiingereza changu hakikutosha, wakakutoa wewe shuleni uje unitafsirie. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikaa kwenye kiti cha bosi, miguu haifiki chini, na begi lako la shule mapajani. Yule bwana akakuuliza kwa upole, nawe ukanigeukia: "Mama, anauliza nani alikuwa na mpira wa upepo."

Nikasema, "Mwambie sijui. Mwambie vumbi lilianguka lenyewe."

Ulinitazama. Hukunitazama machoni, ulinitazama nyusi, pale zilipokuwa hazipo. Halafu ukamgeukia ukasema nilivyosema. Ukalisema vizuri, kwa Kiingereza chako kisafi cha shule, na yule bwana akaandika. Nani hamwamini mtoto?

Nilikuwa naogopa kufukuzwa. Nilikuwa naogopa watasema watu wetu hawajui kazi. Nilikuwa naogopa karatasi zetu, ingawa karatasi zetu zilikuwa sawa. Hakuna woga ambao sikuwa nao siku ile. Ikaandikwa kwamba Mzee Amaro, msimamizi, aliacha vumbi likarundikana mpaka likaanguka. Wakamnyang'anya funguo za mashine, naye yuko hospitali na mikono imefungwa kama maandazi kwenye kitambaa.

Baada ya mwezi nilikwenda kumwona kwake. Nilipika sambusa, kumbe hawezi kushika. Mkewe akawa anamlisha, na mimi nimekaa pale pale kwenye kiti kama mwizi aliyekaribishwa chai. Nikamwambia, "Mzee, mpira ulikuwa kwangu."

"Najua, Mama. Nilikuona ngazini. Lililoungua ni sikio, si macho."

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Akatafuna sambusa yake, akasema inahitaji chumvi. Halafu akasema, polepole, ili Kiingereza chetu kitufikishe wote: "Mimi si kitu. Funguo si kitu. Lakini wanadhani vumbi lilianguka lenyewe. Hita watabadilisha. Mpira bado upo ukutani. Kesho watampa mtu mwingine."

Hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia.

Jumatatu nilikwenda kwa bosi. Sikukuita wewe. Nilisimama mlangoni pake na maneno matatu ya Kiingereza niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima kwenye basi: mpira, mkono, wangu. Nikainua mkono nikamwonyesha. Alinielewa mara moja. Akajifuta uso, akasema mwenyewe ndiye aliyenitaka pang'ae na hakuniambia kwa njia gani. Siku hiyo hiyo mpira ukatolewa ukutani. Mzee Amaro alirudishiwa funguo, ingawa vidole havikuweza tena kuzigeuza. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuzia.

Na Ijumaa ya kwanza aliponipandisha ngazini kwa mara ya kwanza tangu moto, mashine zote zimezimwa, hita imezimwa, akaniambia nisianze kufyonza. "Kwanza andika jina." Nikapitisha kidole juu ya boriti: HIDAYA. Herufi kubwa, kama nilivyofundishwa. Nchi hii, jina langu nilikuwa nimeliandika kwenye fomu tu. "Linasomeka?" akauliza kutoka chini. Nikasema linasomeka. "Basi vumbi limezidi. Likisomeka, usiwashe kitu." Nikalifyonza jina langu, nikaendelea, juu kwanza halafu chini, boriti kwa boriti, na kila Ijumaa nikawa naandika, mpaka likaja likawa halisomeki tena. Nilikuwa natafuta jina langu nisilione, nafurahi.

Mengi mengine alinifundisha. Matambara ya mafuta ya kung'arishia mbao nilikuwa nayakunja vizuri kama kanga za sandukuni, nayapanga ndoo moja, najisifu. Kumbe yakibanwa hivyo yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka. Akayakunjua yote akayaanika moja moja kwenye waya kama nguo za mtoto, na yaliyokwisha kutumika akayatia kwenye pipa la chuma lenye maji na mfuniko. "Mama," akasema, "unadhifu wako utatuua wote." Hayo unayajua wewe kunishinda. Ulijifunza kwake mwenyewe, ukiwa na miaka kumi na sita, alipokuwa anakushikisha patasi kwa vidole vile vilivyokunjika, nami najifanya nafagia huku natazama. Nilikuwa nasema moyoni, laiti mtoto huyu angejua vidole vile vilikunjwa na nani.

Basi bosi nilimwambia. Mzee Amaro nilimwambia, na amekufa akiwa amenisamehe. Wewe, ambaye uongo wangu ulipita mdomoni mwako, sikukwambia. Miaka kumi na minne. Kila nikitaka kusema naiona ile miguu isiyofika chini. Pengine ulijua siku ile ile. Nyusi zilikuwa zinasema. Kama ulijua, basi ulinibeba ukiwa mdogo na hukuniangusha hata siku moja, na mimi nakuomba radhi kwa mzigo. Kama hukujua, nakuomba radhi mara mbili.

Sasa nikueleze nilichokiona mwaka jana, ambacho nacho sikukwambia, maana sisi kusifu watoto usoni tunaona kama tutawaletea kijicho cha watu.

Nilikuletea chakula kazini kwako, ulikuwa umekisahau. Nikakaa pale kwenye benchi karibu na mlango. Ulikuwa hujaniona bado, ulikuwa unazungukia mabomba ya kufyonza vumbi na kugonga kwa kifundo cha kidole, unatega sikio, unasogea, unagonga tena. Mimi moyo wangu ukacheka. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa anagonga fenesi! Anajua lililoiva kwa mlio. Ulipofika kwenye kona moja bomba likalia zito, bubu. Ukasimama. Ukazima mashine zote.

Yule mwenzako mrefu akapiga kelele, "Ruki, unafanya nini, kazi hii inatoka leo!"

"Itatoka. Bomba limejaa."

"Limejaa tangu jana, jana hatukufa!"

Ukageuka ukaniona, wala hukushtuka. Ukamwambia, "Mama yangu amekaa pale. Sitaki kumrudisha nyumbani kwenye mfuko." Wote wakanigeukia. Nikawapungia mkono na bakuli la pilau. Wakacheka, lakini hakuna aliyewasha mashine. Ukafungua bomba, ukatoa unga uliokwama, pamoja na msumari, msumari mzima, ambao ungegonga chuma huko ndani ukatoa cheche. Ukaushika juu ili yule mrefu auone.

Nilirudi na basi nikilia, watu wakanipisha kiti wakidhani nimefiwa. Wewe ulikuwa umefanya nusu saa ile jambo lililonichukua mimi mwezi mzima na mikono ya mtu. Uliwaambia watu wazima wasimame, wakasimama. Sijui umelitoa wapi. Kwangu hukulitoa.

Ndiyo maana juzi uliponiuliza niseme au ninyamaze, ilinitia aibu kwamba uliuliza, na ilinitia aibu zaidi nilivyojibu. Najua kwa nini uliuliza. Pale kazini kwako Mount Dennis walikuwa wanakujua. Huko hawakujui, na mimi sitakuwepo na bakuli. Watakucheka. Msimamizi mwenye ndevu atakwambia halijamla mtu. Wanaweza kukuchukia, wanaweza hata kukurudisha. Ukirudishwa chumba chako kipo, sitakipangisha, na baba yako, akitoka zamu yake ya kazi huko Malton, atakuja kukupokea na kujifanya haulizi. Hayo tunayaweza. Tumezoea kuanza upya, sisi.

Lakini usizoee kwanza. Mimi nilizoea. Miaka miwili nilipita chini ya vumbi lile, na kila siku nilipopita na nisife niliona ni ushahidi kwamba halina neno. Mtu akishazoea hainui macho tena. Macho yako bado ni ya mgeni, yatumie yakiwa mapya. Na usiseme kama mkaguzi, sema kama Mzee Amaro: omba ngazi, omba mashine ile isiyotoa cheche, waambie wazime kila kitu, panda mwenyewe boriti ya kwanza. Mtu akishamwona mwenzake ngazini anaona aibu kubaki chini. Hata wale wanaume.

Nasikia lifti, nadhani ni nyinyi. Hapana, ni jirani.

Barua hii naiweka kwenye kile kisanduku cha patasi alichokuachia Mzee Amaro, kwa sababu mfuko wa nguo hutaufungua wiki nzima, nakujua, lakini kisanduku utakifungua kabla hujavua koti. Baba yako asiione, ataniuliza kwa nini sikumwambia na yeye, na hiyo ni barua nyingine.

Tangu una miaka minane umenisemea mimi. Umenisemea kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa walimu wako mwenyewe walipotaka kukushtaki, ukatafsiri mashtaka yako bila kupunguza hata moja. Mara moja tu nilikupa maneno mabaya ya kusema. Huko uendako hakuna wa kukupa maneno. Sema yako.

Siku ya kwanza, kabla hawajawasha kitu, panda uandike jina lako juu ya boriti. Ijumaa nitakupigia. Sitakuuliza umekula nini, wala kama kuna baridi. Nitakuuliza linasomeka au halisomeki, na nitasubiri jibu hata kwa Kiingereza.

Mama yako,
Hidaya